Beberu Aliyeliwa Kabla ya Siku Yake

“Niitieni mpishi!”

Kwa maneno hayo Mzee Kaloki alituacha wiki iliyopita tukiwa tumeshika pumzi, na kwa maneno hayo hayo tunamkuta leo, kwenye meza yake ya dirishani katika mkahawa wa Arzi mjini Wote. Sahani zote zilizokuwa mbele yake zilikuwa safi kana kwamba ndiyo kwanza zimetoka dukani.

Mkewe, Mbinya, aliacha kutafuna. Binti yao, Kanyiva, aliirudisha glasi ya maji mezani bila kunywa.

Wawili hao walijua jambo ambalo mzee hakulijua. Mpishi wa mkahawa huo wa Kilebanoni aliitwa Mbuvi, na Mbuvi ndiye kijana aliyetaka kumwoa Kanyiva. Kaloki aliposikia tu kwamba kijana huyo anapika hotelini, aliapa kwamba mwanamume wa kukoroga mchuzi hatakanyaga boma lake kule Kathonzweni. Alikataa kumwona hata kwenye picha.

Sasa alitaka kumshika mkono.

“Mpishi wa nini, nau?” Kanyiva alijaribu kumzuia babake. “Si umeshiba? Twende nyumbani.”

“Twende wapi? Mtu anilishe hivi halafu niende kimyakimya? Mimi si ng’ombe.” Kaloki aliinua mfupa wa ubavu na kuutazama kwa mapenzi. “Mnaona hii? Hii ni mbuzi yangu. Nimeileta asubuhi mimi mwenyewe, nikaifunga hapo nyuma na huu mkono. Mbuzi ya Kathonzweni! Ingekuwa ya Kitui, saa hii mngekuwa bado mnatafuna.”

Kila Ijumaa mzee alimletea Bushra, mwenye mkahawa, beberu mmoja, na kila Ijumaa alibaki kula. Mara ya kwanza aliziangalia zile sahani ndogondogo akauliza kama chakula chenyewe kiko njiani. Siku hizi hakuuliza. Alianza na mbaazi zilizosagwa kwa ufuta na ndimu mpaka zikawa laini kama malai. Akaenda kwenye biringanya zenye harufu ya moshi, kisha kwenye kofta za nyama ya kusaga, kisha kwenye mbavu, na kila tonge alilichovya katika kitunguu saumu kilichopondwa hadi kikawa cheupe. Alikula huku amefumba macho, na mkate mwembamba ndio uliokuwa kijiko chake.

Bushra alizaliwa Kitui katika ukoo uliotoka pwani, akapika Beiruti kwa miaka mingi katika nyumba ya bibi mmoja mkali, akarudi na mkono wa bibi yule. Mbuvi alijifunza kwake.

“Mzee wangu,” Bushra alisema kwa upole, “mpishi ana mafuta mpaka viwikoni.”

“Aje na mafuta yake.”

“Ana haya.”

“Mwambie haya aiache huko jikoni.”

Bushra akatabasamu, akainama kidogo, akapotelea nyuma ya pazia.

Mbuvi alikuwa amesimama pale pale nyuma ya pazia, mwiko mkononi, jasho limemtoka usoni.

“Anasemaje?”

“Anakutaka.”

“Amenijua?”

“Amekupenda. Kukujua bado.”

“Basi wacha nitoke nimwambie, yaishe.”

“Leo? Na kesho wazee wako wanapiga hodi kwake?” Bushra alimshika bega. “Mama Kanyiva ameshapanga kila kitu. Mzee hajui, lakini mgeni akishafika langoni hatamfukuza, ataona aibu. Vumilia mpaka kesho. Jamal! Vaa aproni.”

Jamal ndiye aliyekuwa mchinjaji wa mkahawa, mtu wa kifua kipana na sauti ndogo. “Mimi? Mimi ni mtu wa kisu, dada. Sufuria hainijui.”

“Utasema ndiyo, utacheka, utarudi.”

Jamal akatoka amevaa aproni iliyomfika kitovuni. Kaloki alisimama, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

“Kumbe ni wewe! Kijana, Mungu akubariki. Sasa niambie kitu. Hii biringanya unachoma na nini?”

“Na moto, mzee.”

“Moto ya nini?”

Jamal alifikiri. “Ile ya kawaida.”

Mbinya alijifunika mdomo kwa leso. Kaloki akakunja uso.

“Haya. Na mbuzi yangu? Ulifanyaje ikalainika hivi?”

Hapo Jamal aliona amepata ardhi ngumu ya kukanyagia. Kuhusu mbuzi alikuwa na la kusema, akalisema kwa furaha ya mtu aliyenusurika.

“Aa, mzee, ile mbuzi ilikuwa tulivu sana! Beberu mweupe pepepe, yenye sikio limekatwa ncha. Haikunisumbua hata kidogo.”

Kaloki aliuachia mkono wake.

“Nyeupe?”

“Kama maziwa.”

“Mbuzi yangu ni ya rangi ya udongo. Na iko na masikio yote mbili.”

Kabla mtu hajapata la kusema, sauti ikasikika kutoka uani, nzito, yenye kulalamika. Kaloki angeitambua sauti ile hata katikati ya soko la mifugo la Kathonzweni. Beberu wake alikuwa hai.

Basi ni nani aliyelala kwenye sahani zile safi?

Jibu liliingia kwa mlango wa jikoni likipiga kelele. Lilikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya kanisani na buti za mpira, naye aliitwa Musyoka.

“Mbuzi yangu iko wapi? Nimefunga tatu hapo nyuma, nimeenda kusalimia mtu, nimerudi napata mbili na moja ya watu! Beberu yangu iko wapi? Beberu ya ntheo!”

Neno hilo lilipotamkwa, hata wateja wa meza za mbali waligeuka. Pale hapakuwa na Mkamba asiyelijua. Ntheo ni wale mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja, ambao upande wa kijana huwapeleka kwa wazazi wa msichana. Beberu huchinjwa na upande wa kijana, akaliwa na wazazi wa msichana, na watu wa msichana wakishamla wamekubali. Bila hayo, hata arusi ya kanisani yenye keki ya orofa tano, mbele ya wazee, ni picha tu.

“Ntheo ya nani?” Kaloki aliuliza.

“Ya kijana wetu, Mbuvi, mtoto wa ndugu yangu. Nimetoka Mwingi, Kitui huko, na hizo mbuzi kwa pikapu tangu alfajiri. Kesho tunazipeleka Kathonzweni kwa mzee mmoja anaitwa Kaloki. Wanasema huyo mtu ana kichwa ngumu kama jiwe ya kusagia.”

“Kaloki ni mimi.”

Musyoka alimtazama. Akaitazama mifupa. Akamtazama Jamal na aproni yake ya kitovuni, kisha akairudia mifupa.

“Na hiyo ulikuwa unakula...”

Jamal aliificha mikono chini ya aproni.

Musyoka alivuta kiti, akaketi, akavua kofia, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kuishika meza.

“Aiya! Basi mzee, umekula! Na umelamba! Pole sana, mutoni, mkwe wangu. Na karibu Kitui.”

Kaloki aligeuka rangi. “Mmenitega!”

“Hakuna aliyekutega, mzee.”

Sauti hiyo ilitoka kwenye pazia. Mbuvi alikuwa amelifungua mwenyewe, akasimama mbele ya watu wote, mwiko bado mkononi.

“Mimi ndio Mbuvi, na mimi ndio nimepika. Nilikuwa naficha uso yangu, lakini mbuzi sikuificha. Jamal amekosea kamba tu. Na hii haihesabiwi. Sitaki Kanyiva kwa bahati mbaya. Nitatafuta beberu ingine, nitaileta kwako mchana kweupe, na ukitaka kunifungia lango, utanifungia nikiwa nimesimama hapo.”

“Nyamaza wewe!” Musyoka alimkemea. “Mtu ameshakula, wewe unamtapisha?”

“Kijana ana akili kukushinda,” Kaloki alisema. “Ntheo huliwa nyumbani kwa msichana. Hapa ni hotelini. Haihesabiwi.”

Kanyiva aliinamisha kichwa. Matumaini yake yalikuwa matupu kama zile sahani.

Bushra akakohoa kidogo.

“Mzee wangu, usinichukie. Kila Ijumaa ukiingia nakwambia karibu. Nawe hunijibu nini?”

Kaloki aliinamia sahani yake.

“Hunijibu hivi: ‘Usinikaribishe Bushra, hapa ni kwangu.’ Na leo umesema. Watu wamesikia.”

“Nilisikia mimi,” alidakia mteja wa meza ya jirani, mdomo umejaa kofta.

Kaloki aliketi polepole. Kwa kitambo alichezea kipande cha mkate kilichobaki. Kisha akamwangalia Mbuvi kwa makini, kama amwangaliavyo mbuzi anayetaka kumnunua.

“Biringanya unachoma na nini?”

“Na magunzi ya mahindi, mzee. Makaa inaunguza ngozi kabla ndani haijaiva. Gunzi inaenda polepole, halafu inaacha moshi.”

“Magunzi,” Kaloki alirudia. “Yangu kule nyumbani tunatupa.” Akakiweka chini kile kipande cha mkate. “Na kwa nini ukajificha wakati huu wote?”

“Kwa sababu ulisema mwanaume wa kukoroga mchuzi hatakanyaga boma yako.”

“Nilisema hivyo?”

“Ulisema ukiwa hapo hapo, mzee. Ulikuwa unakunywa mchuzi.”

Mkahawa mzima ulicheka. Kaloki alijaribu kukaza uso, akashindwa, masharubu yakamsaliti. Alisimama. Akaunyoosha mkono wake wa kulia kuelekea kwa kijana yule, na Kanyiva akaanza kulia kwa furaha hata kabla mikono haijagusana.

“Kaloki. Rudisha huo mkono.”

Aliyesema hivyo alikuwa Mbinya.

Mbinya, ambaye ndiye aliyeipanga ziara ya kesho! Mbinya, ambaye kila siku alimwita mumewe Baba Kanyiva, na ambaye jina la Kaloki lilimtoka kinywani mara chache kama mvua ya Agosti!

“Unasema nini, Mama Kanyiva?”

“Nasema ngoja.” Alikunja leso yake vizuri, akaiweka mezani. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. “Mbuzi ya ntheo ya mtoto wangu imeliwa. Sawa, nimefurahi, na ilikuwa tamu. Sasa nikuulize. Ya kwangu ililiwa lini?”

Kaloki alianza kuhesabu miaka kwa vidole.

“Ulipokuja kunichukua Kambu, ulimwambia ndugu yangu Ndululu ni kiangazi, mbuzi zimekonda, angoje mvua. Mvua imenyesha, Kaloki. Imenyesha mpaka ya kubomoa madaraja. Nimekuzalia, nimekuzeekea, na watu wetu hawajawahi kuonja hata ini ya mbuzi yako.”

“Mbinya, hapa mbele ya watu?”

“Si ulisema hapa ni kwako?”

Mteja wa meza ya jirani aliacha kutafuna kabisa.

Ilikuwa sheria ambayo kila mtu mzima pale aliijua, na ambayo Kaloki, mzee wa kutatua kesi za wenzake, aliijua kuliko wote. Mwanamume ambaye hajawalisha watu wa mkewe mbuzi wa ntheo hana ruhusa ya kula mbuzi wa binti yake. Kwanza amtimizie mama, ndipo apokee ya mtoto.

Musyoka alivaa kofia yake upya, kwa heshima. “Kumbe huyu mzee mwenyewe bado ni bwana arusi!”

“Ndio maana nimemwita Ndululu,” Mbinya aliendelea. “Uliambiwa anakuja kutusalimia. Siyo salamu. Kesho ni lazima mjomba akae na mtoto wa dada yake. Atapitia hapa tuende pamoja, na ametoka Kambu saa nyingi. Akifika akute umeshakula ya Kanyiva kabla hujampa yake, atanyanyuka na hatarudi. Hakutakuwa na kesho. Na usidhani utamdanganya. Ndululu ukimdanganya mara moja, arusi ya huyu msichana imekwisha.”

Kanyiva alimshika babake mkono wa shati. “Nau, tafadhali.”

Kaloki alitazama huku na huku kama mtu aliyeamka katika nyumba asiyoijua. Hapo, uani, sauti ile nzito ikalalamika kwa mara ya pili.

Uso wake ukang’aa.

“Mbuzi yangu! Si iko hai? Jamal, chukua kisu! Bushra, hii leo sikuuzii. Hii ni ya Ndululu. Majike yatatoka nyumbani kesho, lakini beberu ataliwa leo, hapa hapa.” Akamgeukia Mbuvi, na sauti ikashuka. “Kijana. Unaweza kunipikia?”

“Naweza, mzee. Lakini upande wa bwana arusi ndio hufanya kazi. Na bwana arusi ni wewe.”

Hivyo ndivyo Mzee Kaloki wa Kathonzweni, adui mkubwa wa wakoroga mchuzi, alivyopita nyuma ya pazia, akakunja mikono ya shati, akafungwa aproni na binti yake.

Alipewa kinu na vitunguu saumu.

“Unaponda kwa kuzungusha, mzee. Usitwange kama mahindi.”

“Hivi?”

“Polepole. Mafuta kidogo. Tena.”

Kaloki aliponda. Machozi yalimtiririka, naye akadai ni saumu. Alipoona ile rojo ikigeuka nyeupe chini ya mkono wake mwenyewe, aliita kwa sauti ya mtoto, “Mbinya! Kuja uone!” Mbinya alichungulia, akaona mumewe wa miaka yote hiyo akiwa na saumu kwenye masharubu, akarudi mezani akiwa na tabasamu alilojitahidi sana kulificha.

Mambo yangekwenda vizuri kabisa kama Musyoka asingekuwa mtu wa tahadhari.

“Safari hii nataka kuona mwenyewe,” alimwambia Jamal kule uani. “Usije ukanimalizia na majike. Hebu fungua nione masikio.”

“Mzee, hii si ni ya rangi ya udongo? Unataka kuona nini tena?”

“Fungua nione.”

“Shika kamba basi.”

“Shika wewe, wewe ndio mchinjaji.”

Wakati wanasukumiana kamba, kamba ikabaki bila mtu. Beberu wa Kaloki aliwatazama wote wawili, akaliona lango la uani liko wazi, akaondoka mbio kuelekea barabara ya Kathonzweni.

Musyoka akamfuata kwa buti zake za mpira. Jamal akarudi jikoni anahema.

“Imeenda.”

“Nini imeenda?” Kaloki aliuliza, mchi ukiwa hewani.

Mbele ya mkahawa gari likapiga honi. Mlango ukafunguka, na sauti kubwa, iliyozoea kuita wasafiri wanunue matikiti barabarani kule Kambu, ikaujaza ukumbi.

“Mbinya! Nasikia harufu gani hii? Mimi sijakula tangu asubuhi!”

Ndululu alikuwa amefika.

Jikoni wote waligeukia moto. Kwenye wavu wa kuchomea, kando ya moto wa magunzi, zilikuwa zimebaki mbavu za mwisho za yule beberu mweupe wa Mwingi, zimeiva, zinatoa mafuta.

Kaloki alizitazama. Mbuvi alimwona anavyozitazama.

“Mzee,” kijana alisema kwa sauti ya chini, “mwambie ukweli. Mwambie imetoroka. Itapatikana.”

“Nimwambie tena angoje?” Kaloki alinong’ona. “Ile siku nilimwambia angoje mvua. Leo nimwambie angoje mbuzi imalize kukimbia?”

“Afadhali angoje.”

“Leta sinia, kijana.”

Ndululu alikuwa ameketi kwenye meza ya dirishani, kwenye kiti kile kile cha Kaloki, akimwuliza Kanyiva kuhusu kazi. Aliposikia hatua aliinua kichwa, na macho yake yakapanda taratibu kutoka kwenye aproni hadi kwenye masharubu yenye saumu.

“Kaloki? Umeandikwa kazi hapa?”

“Leo nakuhudumia mimi, shemeji.”

“Wewe?” Ndululu alimtazama dada yake. Dada yake alikuwa anautazama mkate. “Haya. Mambo ya mjini siku hizi siyaelewi.”

Kaloki aliweka mbavu mbele yake. Akaweka mbaazi, akaweka biringanya, na mwisho, kwa mikono miwili, akaweka kibakuli cha saumu alichokiponda yeye. Kama sahani zile zingekuwa na ukweli ndani yake, hiyo ingekuwa saa nzuri kuliko zote alizowahi kupitia katika mkahawa ule.

Mbinya alinusa zile mbavu. Akainua macho, akamwuliza mumewe bila kutamka neno. Kaloki akatazama pembeni.

Ndululu alikunja mikono yake mizito.

“Tufumbe macho tuombe.”

Ndululu alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwa mtu wa maombi mafupi. Aliiombea barabara na madereva wake. Akayaombea matikiti, akawaombea wajane, akamwombea Bushra kwa harufu nzuri ya nyumba yake. Jasho lilimtoka Kaloki chini ya aproni. Alikuwa karibu kuusikia mwisho wa maombi yale, alikuwa karibu kabisa, Ndululu aliponyamaza ghafla katikati ya sentensi.

“Huyu mbuzi ametolewa na nani? Nimtaje mwenyewe mbele za Mungu.”

Hakuna aliyefumbua macho. Kanyiva aliibana mikono yake mpaka vidole vikauma. Nyuma ya pazia, Mbuvi alitikisa kichwa gizani mwa macho yake mwenyewe, akiomba maombi mafupi kuliko yale ya mezani. Sema, mzee. Sema tu.

“Ni yangu,” Kaloki alisema. “Ile niliyokwambia ungoje mvua.”

“Umbariki basi mtumishi wako Kaloki,” Ndululu aliendelea, na safari hii sauti yake ilitetemeka kwa hisia, “ambaye leo amekumbuka, akaleta mbuzi yake mwenyewe, na mikono yake ni safi. Amina.”

“Amina,” waliitikia kwa unyonge.

Lakini amina moja ilichelewa. Ilikuja baada ya nyingine, nzito, ya kulalamika, nayo ilitoka mlango wa mbele.

Wote walifumbua macho.

Mlangoni, kamba ikining’inia shingoni, alisimama beberu wa rangi ya udongo, mwenye masikio yote mawili. Alipita katikati ya meza bila haraka. Akainusa aproni, akaitambua harufu iliyokuwa chini yake, akasimama kando ya goti la Kaloki na kuinua kidevu, kama afanyavyo kila jioni akingoja kupewa chumvi.

Nyuma yake, kizingitini, alitokea Musyoka, buti moja mguuni na nyingine mkononi. “Nimeipata!” alifoka kwa furaha. “Mzee Kaloki, usilie tena, mbuzi yako nimeipata!”

Ndululu alikuwa ameshaufikisha ubavu mdomoni. Akaushusha, akauweka sahanini kwa uangalifu mkubwa, akajifuta vidole kimoja baada ya kingine.

“Kaloki,” alisema taratibu, “kama hiyo ndiyo mbuzi yako, mimi hapa nimeombea ya nani?”